Mti Usiokatwa

John Mbiti alizaliwa mwaka 1931 huko Mulango, Kitui. Akasoma Alliance na Makerere, akapata udaktari wa falsafa Cambridge, na mwaka 1969 akachapisha kitabu kilichowafanya wasomi wa pande nyingi za dunia wagombane juu ya maneno mawili ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Kitabu chenyewe ni African Religions and Philosophy. Wengi wanakikumbuka kwa hoja yake kubwa kuhusu wakati, na hoja hiyo nitairudia baadaye. Mimi nimeshikwa na maneno machache yaliyo kando yake. Mbiti anawajibu wageni wanaofika Afrika, wakaona watu wamekaa chini tu, wakasema hawa wanapoteza wakati. Anawaambia hapana. Kwa hawa watu wakati si bidhaa ya kununua na kuuza. Wakati hutengenezwa, na yule aliyekaa ama anaungoja ama yuko kazini akiutengeneza.

Sisi watu wa Ukambani tunaipenda sana hoja hiyo. Mkute mjomba amejinyoosha kivulini saa nne asubuhi, umuulize anafanya nini, naye atakujibu kwa maneno yake kitu kile kile. Lakini kila nikimsoma Mbiti najiuliza jambo ambalo pale hakulieleza: huyo mtu amekaa wapi? Kitui ni nchi ya jua. Ukikaa juani kutengeneza wakati, utatengeneza maumivu ya kichwa tu. Lazima kuna mti. Na mti mkubwa katika nchi kavu, nchi ya njaa, nchi inayouza makaa, hauwezi kubaki umesimama kwa bahati. Kuna mtu aliyekataza usikatwe. Insha hii inamtafuta huyo aliyekataza.

Kwetu ni Migwani, kwenye barabara ya kutoka Kitui kwenda Mwingi, ukishapita Kabati. Ni mji mdogo wa soko katika eneo bunge la Mwingi Magharibi: maduka, makanisa, shule, bodaboda zimejipanga zikingoja abiria. Nje ya mji kuna mashamba ya mawele, mbaazi na ndengu. Mvua zetu ni mbili. Kuna uua, ya kuanzia Machi, ambayo mara nyingi hutudanganya, na kuna nthwa, ya Oktoba hadi Desemba, ambayo ndiyo tunayoitegemea. Katikati ya hizo mbili ni vumbi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,136,187 katika Kaunti ya Kitui, na ukiuliza nyumba moja moja utaambiwa kuna mwingine mmoja au wawili ambao siku ile walihesabiwa Nairobi.

Mimi ni mmoja wa hao wa Nairobi. Na ni Nairobi nilikosikia kwa mara ya kwanza watu wakizungumza juu ya kujitunza kama jambo la kupangiwa ratiba: Jumamosi, saa mbili asubuhi, Msitu wa Karura, simu imezimwa. Sina dharau nalo. Mwaka 2020 jopo la serikali lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza afya ya akili nchini itangazwe kuwa hali ya dharura ya kitaifa, na anayepanda matatu za Nairobi kila siku hahitaji ripoti kuliamini hilo. Mimi pia hulipa pale langoni Karura na kutembea mpaka mabega yashuke.

Ila Karura ina hadithi yake, na wanaopita na viatu vya mazoezi wengi wao ni wadogo mno kuikumbuka. Katika miaka ya 1990 vipande vya msitu ule viligawiwa watu binafsi ili wajenge. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walikwenda pale kupanda miti, wakashambuliwa, naye akapasuliwa kichwa. Uzio uliopo leo ulikuja baadaye sana, baada ya jumuiya ya marafiki wa msitu kuanzishwa mwaka 2009. Maana yake utulivu ninaoununua Jumamosi una uzio, una lango, una walinzi, na una damu ya watu waliosema hapa hapakatwi.

Hata huko mbali ni vivyo hivyo. Neno la Kijapani shinrin-yoku, yaani kuoga msitu, linasikika kama hekima ya karne nyingi, kumbe lilitungwa mwaka 1982 na idara ya serikali ya Japani inayosimamia misitu. Mwaka 1984 Mmarekani Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa wagonjwa 46 wa hospitali moja ya Pennsylvania waliopasuliwa kutolewa kibofu cha nyongo. Nusu yao walikuwa na dirisha lililotazama miti, nusu lililotazama ukuta wa matofali. Wa miti walitoka mapema zaidi na waliomba dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Watu huutaja uchunguzi huo kuonyesha nguvu ya miti. Mimi naona pia kwamba mtu fulani, siku fulani, aliiacha ile miti pale nje ya dirisha.

Sasa turudi Migwani, mahali ambapo hapakuwa na idara ya misitu wala lango. Uzio wetu ulikuwa nini?

Kwa Kikamba unaitwa ithembo, wingi mathembo. Ni mahali pa kutolea sadaka, na kwa kawaida ni mti mkubwa pamoja na kichaka kinachouzunguka. Mara nyingi ulikuwa muumo, ndugu wa mugumo wa Wakikuyu, au mkuyu. C. W. Hobley, afisa wa serikali ya kikoloni, aliyaandika mathembo katika kitabu chake cha mwaka 1910. Baada yake akaja Msweden Gerhard Lindblom, aliyekaa Ukambani akijifunza lugha na desturi, akaandika kitabu kinene kuliko cha Hobley. Wote wawili wanakubaliana juu ya mambo ya msingi. Kila sehemu ilikuwa na ithembo lake. Lilisimamiwa na wazee, na wanawake waliopita umri wa kuzaa walikuwa na nafasi yao hapo. Mvua ikikataa, kabla ya kupanda, na kabla ya kula mavuno mapya, wazee walikwenda na mbuzi, vyakula, maziwa na pombe, wakaomba. Walimwomba Mulungu, na walizungumza na aimu, roho za waliotangulia. Mahali pengine ithembo lilihusishwa na kaburi au boma la mtu aliyesifika zamani. Na mti wake haukatwi. Hata tawi.

Susu yangu, nyanya mzaa baba, alikuwa muumini wa kanisa mpaka anazikwa, na hakuwahi kunielekeza nitoe sadaka popote. Lakini aliniambia kwamba alipokuwa msichana, wakirudi na maji mgongoni, kulikuwa na sehemu ya njia ambapo wote walipunguza sauti. Hakuna aliyeamuru. "Ukifika pale unaongea polepole," alisema. Nikamuuliza kama waliogopa. Akafikiri, akasema, "Kuogopa kulikuwako. Lakini pia palikuwa na baridi nzuri."

Kuogopa, na baridi nzuri. Naona pale kuna historia nzima. Hakuna Mkamba wa karne ya 19 aliyekwenda ithembo kujitafuta au kutuliza mawazo yake. Alikwenda kwa sababu mahindi yamekauka na watoto watakufa. Mahali penyewe palitisha. Ila kwa kuwa palitisha, miti ilizeeka, majani yakaoza yakawa udongo, ndege wakajenga viota, na hewa ikapoa. Kizazi baada ya kizazi, mtu aliyepita na mzigo alipata hatua mia moja za kivuli na ukimya ambazo hakuna aliyezipanga kwa ajili yake. Utulivu ulikuwa faida ya pembeni ya mwiko.

Haifai kuyapamba mambo ya zamani kupita kiasi. Mapumziko ya kila siku hayakufanyika ithembo, yalifanyika thome, ule uwanja mbele ya boma ambapo wanaume waliwasha moto jioni, wakaota, wakaamua kesi, wakawafundisha vijana. Thome ndipo alipokaa yule mtu wa Mbiti akitengeneza wakati. Na thome ilikuwa ya wanaume. Mwanamke wakati huo alikuwa anasaga, au anatafuta kuni, au yuko mtoni.

Mtoni kwetu si kando ya maji yanayotiririka. Mito mingi ya Kitui ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na maji yako chini ya mchanga. Unachimba shimo, unangoja yajichuje, unachota kwa kata, unangoja tena. Susu alikuwa akisema kwamba hapo kisimani ndipo walipokaa, yaani kwa maana ya kukaa hasa. Foleni ilikuwa ndefu na maji hayana haraka. Hapo ndipo mwanamke alipojua nani amepigwa, nani ana mimba, nani anataka kurudi kwao. Na aliyesumbuliwa na roho alichezewa kilumi, ngoma ya wanawake wazima, usiku, kwa ngoma kubwa zinazosikika mbali. Ukidhani kila uponyaji wa wazee wetu ulikuwa ukimya chini ya mti, kilumi itakuondolea wazo hilo. Kujitunza kulikuwa na kelele pia, na kulikuwa na watu.

Hilo la watu lina uzito, na shahidi wangu ni mgeni. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani wa Church Missionary Society, aliishi Rabai, karibu na Mombasa, jirani na mojawapo ya kaya za Wamijikenda. Wafanyabiashara Wakamba walikuwa wakifika pwani na pembe za ndovu, naye akafuata njia yao. Mwaka 1849 alifika Kitui kwa Kivoi, mkuu wa misafara aliyejulikana mpaka pwani, na tarehe 3 Desemba mwaka huo akauona kwa mbali ule mlima ambao Wakamba walimtajia jina lililokuja kuwa jina la nchi yetu. Alirudi mwaka 1851. Safari hiyo msafara ulivamiwa karibu na mto Tana, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake nyikani.

Maelezo yake ya siku zile ni ya kutisha. Alitembea usiku na kujificha mchana. Alijaza maji kwenye mtutu wa bunduki na kwenye mfuko wa ngozi wa darubini yake, na yalipoisha alikaribia kufa kwa kiu. Kilichomwokoa mahali pamoja ni sauti ya nyani. Alijua walipo nyani pana maji, akafuata kelele zao, akakuta shimo walilochimba kwenye mchanga wa mto mkavu. Miti ilikuwepo kote alikopita, ukimya ulikuwepo, nyota zilikuwepo. Lakini mtu anayewindwa na mwenye kiu hapati utulivu kwa kutazama nyota. Nyika ya Kitui ni ile ile aliyopita msafara wa Kivoi ukipumzika kivulini kwa amani. Tofauti ni kwamba wao walijua kisima kiko wapi na walikuwa wengi. Kabla mti haujakutuliza, lazima maji yawepo na hofu isiwepo.

Basi mathembo yalikwendaje? Ningependa kumtaja mhalifu mmoja, lakini historia haikunipa. Ilikuwa mkono baada ya mkono.

Kwanza njaa. Wakamba huzipa njaa majina, na ile ya kuanzia mwaka 1898 iliitwa Ngomanisye, ile iliyoenea kila mahali. Ilikuja pamoja na ndui. Watu walikufa, walihama, wazee waliojua maneno ya ithembo walikwenda nayo. Ndani ya kipindi hicho hicho serikali mpya ilianza kudai kodi ya nyumba, na mwanamume aliyekaa thome akageuka kuwa mvivu kwenye ripoti za maafisa, mtu wa kusukumwa akatafute mshahara. Vita vya 1914 hadi 1918 vikachukua vijana kwa maelfu, wengine wakiwa askari, wengi wakiwa wapagazi wa Carrier Corps, jina ambalo Nairobi imelihifadhi kama Kariokor. Wamisionari nao walikuwa wameshafika: Wajerumani wa Leipzig huko Ikutha, na Africa Inland Mission iliyoanzia Nzaui, Makueni, mwaka 1895. Mtoto aliyefundishwa kusoma alifundishwa pia kwamba pale penye muumo ni pa shetani. Mahali pa kutisha pakabaki pa kutisha, lakini sasa kuukata mti ikawa ushahidi wa imani.

Mbiti mwenyewe, aliyekuwa kasisi wa Kianglikana na aliyelitafsiri Agano Jipya kwa Kikamba kutoka Kigiriki, kazi iliyotoka mwaka 2014, hakukubali kwamba wazee waliosali pale walikuwa wakimwabudu shetani. Alitumia maisha yake kusema kwamba walimjua Mungu yule yule. Lakini kitabu huchelewa, shoka huwahi.

Hata hivyo, nikiulizwa pigo kubwa zaidi ni lipi, nitasema karatasi. Sheria ya kugawa ardhi ya mwaka 1968 ilileta vipimo na namba za viwanja katika maeneo kama yetu. Ilikuwa na faida zake. Mjane mwenye hati ana kitu cha kushika. Lakini ithembo halikuwa la mtu. Mpimaji alipopita na kamba yake, mti uliokuwa wa wote ulilazimika kuangukia upande wa mtu fulani. Na mti wenye mwenyewe unaweza kuuzwa. Ithembo la njia ile ya susu liliangukia kwenye shamba la familia moja ambayo sina ugomvi nayo. Walihitaji kulima. Leo pale pana mbaazi, na mbaazi zinastawi vizuri kwa sababu udongo wake ulitunzwa miaka mingi bila mtu kukusudia.

Miaka ya ukame ilipozidi, makaa yakawa akiba ya benki. Njaa ya mwaka 1984 ilipewa jina Nikw'a Ngwete, nakufa nikiwa nimeshika, maana pesa ilikuwepo mkononi na dukani hapakuwa na kitu. Njaa nyingi zilizofuata zilikuwa kinyume: dukani chakula kipo, mkononi hamna pesa. Hapo ndipo mti unapotazamwa kwa magunia. Januari 2018 serikali ya kaunti, chini ya gavana Charity Ngilu, ilipiga marufuku biashara ya makaa na mchanga, lori moja likachomwa moto, na nchi nzima ikazungumza. Mwezi uliofuata serikali kuu nayo ikasimamisha ukataji miti katika misitu yake. Marufuku ina maana yake. Lakini amri ya serikali humkuta mtu barabarani na mzigo wake. Mwiko ulimkuta nyumbani kabla hajainua shoka.

Najua hili kwa sababu lilifika kwetu. Kwenye mpaka wa shamba letu kuna mkwaju, kithumula kwa Kikamba, mti mkubwa ambao babu alipooa aliukuta ukiwa tayari mzee. Chini yake ndipo ilipokuwa thome ya baba yake. Haukuwahi kuwa ithembo, hauna mwiko wowote. Una mbao ngumu, na makaa yake hushika moto muda mrefu. Miaka michache iliyopita kijana mmoja alikuja kwa shangazi yangu, anayeishi pale, akauzunguka ule mkwaju, akaupima kwa macho, akasema utatoa magunia ishirini. Akataja bei. Ilikuwa Desemba, na binamu yangu mdogo alikuwa anaingia kidato cha kwanza Januari.

Tulikaa chini ya mti wenyewe kuujadili, tukiwa sisi wa Nairobi na wale wa nyumbani. Mmoja wetu alizungumza vizuri sana kuhusu kivuli, historia na afya ya akili. Mimi niliongeza la thome. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, anapepeta ndengu huku anasikiliza, kisha akasema: "Mwanangu, ninyi mnakuja kukaa chini yake wiki mbili za Krismasi. Mimi nakaa na karo miezi kumi na miwili."

Hapakuwa na jibu la maneno kwa hilo, na nadhani hakuna. Yule anayepumzika na yule anayelipa walikuwa watu wawili tofauti, na ndivyo ilivyo Karura na ndivyo ilivyokuwa thome. Tulichofanya ni hesabu. Tukagawana ile karo kati ya wanne wa mjini, muhula kwa muhula, na shangazi akamwambia kijana wa makaa aende. Mkwaju umesimama. Sisemi tumeshinda, kwa kuwa kila mwanzo wa muhula swali linarudi kwenye simu zetu, na mwezi ambao mmoja amepoteza kazi linarudi kwa sauti nzito zaidi. Lakini angalau sasa sote tunajua kile kivuli kinagharimu kiasi gani, na nani anakilipia.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye ile hoja kubwa ya Mbiti. Alisema kwamba katika fikra za jadi wakati una Zamani ndefu isiyo na mwisho, una Sasa, na karibu hauna kesho ya mbali. Alichunguza nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu, akasema zinapotazama mbele hazifiki mbali zaidi ya miaka miwili. Wasomi wengi walimpinga. Kwame Gyekye wa Ghana alimjibu kwa mifano ya Waakan. Na mimi, nisiye mwanafalsafa, nilikuwa na pingamizi langu: watu wasio na kesho ya mbali waliwezaje kutunza mti kwa miaka mia mbili? Mti si ndio kesho yenyewe?

Siku hizi nadhani Mbiti angeweza kunijibu bila kutoka jasho. Hawakuutunza kwa ajili ya wajao. Waliutunza kwa ajili ya waliokwenda, aimu, wenye mti. Walitazama Zamani, wakakataza shoka, na watoto ambao hawajazaliwa wakapata kivuli. Mgongo ulielekea mbele, na kazi ya mbele ikafanyika vilevile. Ulikuwa mpango mzuri ajabu, kwa sababu wafu hawana karo ya kulipa na hawabadilishi mawazo njaa ikija.

Sisi wafu wetu tunawaheshimu kwa matangazo ya redio na mabasi ya mazishi, lakini hatuwaogopi tena kiasi cha kuacha mti. Siwezi kujifanya naogopa. Kwa hiyo tumebaki na kazi ngumu kuliko ya wazee: kuutunza mti kwa ajili ya mtu ambaye hajazaliwa, moja kwa moja, tukiwa macho, Januari ikiwa mlangoni. Kikamba kina nafasi ya kazi ya namna hiyo. Kinaiita mwethya, watu kukusanyika kufanya pamoja kile ambacho nyumba moja haiwezi. Kwa mwethya watu wa Kitui wamejenga mabwawa ya mchanga, zile kuta za zege na mawe zinazokatiza mto wa msimu ili mchanga ujazane nyuma yake na maji yabaki humo ndani, salama na jua. Kisima kilichokuwa safari ya nusu siku kinasogea karibu na nyumba. Kwa wanawake wa rika la susu, huo ungekuwa ndio mwanzo wa kujitunza: saa mbili zilizorudi mikononi mwao. Kama tunaweza kubeba mawe kwa ajili ya maji, basi karo ya mtoto wa mwenye mti inaweza kubebwa vivyo hivyo.

Novemba iliyopita, nthwa iliponyesha vizuri, tuliotesha mikwaju mitatu kwenye mpaka, kutoka mbegu za ule mkubwa, na tukachomeka vijiti viwili vya muumo, kwa kuwa muumo huota hata kwa kijiti. Mkwaju hukua polepole mno. Atakayekaa chini ya hii si mimi. Shangazi aliizungushia matawi ya miiba kwa sababu ya mbuzi. Mmoja umekauka. Miwili ipo, imenifika magotini, na mbuzi wa jirani wanaijua.